Zamu ya Mwizi katika Kijiji cha Shwari Juu

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ni nchi yenye haya na haipendi kusemwa. Msiitafute kwenye ramani, na mkiona inafanana na ya kwenu, hayo ni macho yenu tu, kayapimisheni. Nitasema jambo moja, kwamba ni nchi ya amani. Amani yetu ni kubwa mno hata tumeiundia wizara, wizara ikaundiwa kikosi, na kikosi kikapewa virungu.

Mimi ni mtangazaji wa kijiji cha Shwari Juu. Kazi yangu ni kusoma habari kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la ofisi ya kijiji, na siku za sherehe huwa mshereheshaji. Kijiji chetu kiko pembeni mwa mji mkuu, pale lami inapokoma na mashimo kuanza. Upande mmoja wako wakazi wa zamani wenye migomba na mbuzi, upande wa pili wako waliokuja na magari yao wakajenga nyumba zenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Tunakutana kwenye mambo mawili, shida ya maji na Siku ya Amani. Habari za maji nimezisoma miaka yote na hazijabadilika hata neno, kwa hiyo leo nitawasimulia Siku ya Amani ya mwaka ule tulipochukua Kombe la Utulivu.

*

Kila mwaka wizara humtuma mgeni rasmi azunguke vijijini kuona ni kijiji gani kina amani kuliko vingine. Sasa amani, kama mjuavyo, haionekani kwa macho. Ukimwonyesha mgeni rasmi watu wamekaa kimya, atajuaje kama wametulia au wamenuna? Ndiyo maana mgambo hulazimika kumwonyesha namna wanavyomkamata mwizi na kumfunza adabu. Taabu ni kwamba Shwari Juu hatukuwa na mwizi. Wale waliokuwa wakisemwa kuwa wezi walikuwa na ofisi, na mtu mwenye ofisi hakamatwi mbele za wageni.

Mwanzoni tulitumia sanamu la magunia lililojazwa makapi. Mgambo walilipiga kwa moyo wote, lakini mgeni rasmi wa mwaka ule alilalamika kwamba mwizi halii, na mwizi asiyelia hatoi fundisho kwa jamii. Ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Pazi Mlowoka, alipobuni zamu. Kila nyumba itatoa mwizi inapofikiwa, na nyumba zitafuatana kama zilivyopangana barabarani ili pasiwe na upendeleo. Nyumba ya Mwenyekiti, kwa bahati, haipakani na barabara.

Aliueleza mpango huo mkutanoni kwa maneno mazito. “Ndugu wananchi, amani si lelemama,” alisema. “Anayepigwa leo anapigwa kwa niaba ya taifa, na taifa halitamsahau mpaka jioni.” Tulipiga makofi.

Na kwa kuwa mgambo bila mazoezi hulegea, ikaamuliwa kwamba kila mwisho wa mwezi nyumba moja itoe mwizi wa mazoezi, na ile itakayoangukiwa na Siku ya Amani yenyewe ihesabu kuwa imepata heshima. Hivyo zamu ikaenda mbio. Ukipita barabarani kwetu utawatambua watu wa nyumba zilizofikiwa kwa mwendo wao.

Mwizi hupigwa kweli, maana mgambo wetu ni watu waaminifu, hawajui kuigiza. Kipigo hukoma pale mgeni rasmi anaposema “Inatosha.” Hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kulisema neno hilo, si Mwenyekiti, si Mtendaji, si daktari. Lakini wageni rasmi wa nchi yetu wana shughuli nyingi. Kuna mwaka mgeni alimtuma mwakilishi, mwakilishi akamtuma msaidizi, msaidizi akamtuma dereva wake, na dereva alihutubia vizuri kuliko wote tuliowahi kuwasikia. Kamanda Chogo wa mgambo alipoona vijana wake wanachanganyikiwa aliifupisha itifaki. Anayekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, aliwaambia, ndiye mgeni rasmi. Tazameni kiti, msitazame sura.

Mwaka uliotangulia mwizi alikuwa katekista. Katikati ya maonyesho mgeni rasmi alipigiwa simu, na aliyepiga alikuwa mkwewe, si mtu wa kukatiwa. Alipomaliza maongezi yake, katekista naye alikuwa amemaliza yake. Tulimzika kwa heshima zote, na mimi nikatangaza kwamba ameanguka bafuni.

*

Mwaka huu ninaousimulia, heshima iliangukia nyumba ya Kibwana, fundi makochi. Ni mtu mpole, anafanya kazi zake chini ya turubai kando ya barabara, na vumbi la sponji na harufu ya vanishi vimemwachia pumu mbaya sana. Akinyanyua kochi mwenyewe hukaa chini kwanza, akingojea pumzi imrudie. Hata kile kiti kikubwa cha mgeni rasmi ni yeye aliyekivalisha kitambaa. Kila mtu Shwari Juu alijua kwamba Kibwana akipigwa, hata kidogo tu, hatapona.

Mkewe ni Mashavu, tunayemwita Mama Riziki, mwanamke wa maneno machache anayepika kwenye sherehe zetu zote na kukodisha masufuria. Alikuja ofisini asubuhi moja kumwona Mtendaji wa kijiji, Bi Kudra Semboja. Nilikuwepo, kwa sababu meza ya kipaza sauti iko chumba hichohicho.

Baada ya salamu Mashavu alisema shida yake bila kuzunguka. Mumewe hawezi kupigwa, ana pumu, basi apigwe yeye badala yake.

Bi Kudra alisikitika sana. Alimweleza kwamba kijiji chetu kina staha na mgambo wetu hawampigi mwanamke ovyo. Mwanamke hutolewa pale tu nyumba inapokuwa haina mume. “Kwa sasa unaye, Mama Riziki,” alimwambia kwa upole. “Tutaona baadaye.”

Mashavu akaenda kwa Mwenyekiti, akamkuta barazani akifanyia mazoezi risala yake mbele ya kioo. Mheshimiwa Mlowoka alimpokea vizuri. Alimwambia ajivunie, kwani jina la Kibwana litatajwa kwenye risala, tena mwanzoni kabisa, mbele ya jina la mbunge.

“Na akifa?” Mashavu aliuliza.

“Akifa nitalitaja na mwishoni,” Mwenyekiti akamjibu.

Kisha Mashavu alirudi ofisini akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa na waya wa kipaza sauti uliokuwa unahitaji kukaguliwa haraka, nikaukagua mpaka alipoondoka.

*

Siku ya Amani ilipambazuka vizuri. Uwanja ulifagiliwa, turubai zikasimamishwa, watoto wa shule wakaimba ngonjera juu ya faida za utulivu, na wawili kati yao walizimia kwa jua bila kuvuruga mpangilio. Mgambo walisimama wima na virungu vyao. Hawakuwa wamekula, maana Kamanda Chogo anaamini kwamba mgambo aliyeshiba hana uzalendo. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa mbele, juu ya zulia, kimefunikwa kitambaa cheupe, na kando yake kimeza chenye chupa ya maji.

Mgeni rasmi hakuonekana. Jua lilipanda, watu wakaanza kunung’unika, na mgambo wakaanza kuwatazama wananchi kwa jicho ambalo sikulipenda. Baadaye Mwenyekiti alipokea simu, akatangaza kwa furaha kwamba mheshimiwa yuko kona ya mwisho. Akaamuru maonyesho yaanze ili mgeni akute mambo yamepamba moto.

Bi Kudra alimnong’oneza kwamba kiti kiko wazi na hakuna wa kusema neno. Mwenyekiti akamjibu kwamba kona ya mwisho si mbali. Bi Kudra ni mtumishi mtiifu, akakaa chini.

Nilishika kipaza sauti nikatangaza kwamba mwizi hatari amekamatwa akiiba kuku. Kibwana akaletwa. Walikuwa wamemfunga kuku mkononi kwa kamba, kuku hai, na kuku yule alipiga mbawa kwa hofu hata manyoya yakamwingia Kibwana mdomoni. Alijitetea kama wezi wote wa maonyesho wanavyojitetea. Alisema yeye si mwizi, ni fundi makochi. Watu wakacheka, kwa kuwa kila mwaka husema hivyo.

Kirungu cha kwanza kilimpata kwenye goti. Cha pili kilitua kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ulipovunjika tuliusikia mpaka nyuma ya turubai. Kuku akafa hapohapo. Mgambo wakamzunguka, wakampiga mbavuni, mgongoni, kwenye nyayo, kwa zamu nzuri isiyogongana, na kwaya ya kijiji, kama ilivyoagizwa, ikapandisha sauti. Damu ilimtoka puani ikachanganyika na vumbi. Alipojaribu kulia hakuwa na pumzi ya kulilia. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi tu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu mno, kipaza sauti kikaupokea ule mluzi kikaurusha kijiji kizima.

Watu wote tulikigeukia kile kiti kitupu. Mzee mmoja alisema “jamani,” akanyamazishwa na jirani yake. Niliogopa, na nilimwonea huruma Kibwana, nasema wazi, nilimwonea huruma hasa. Lakini sikuwa na mamlaka.

Hapo ndipo Mashavu alipotoka kwenye turubai la wapishi. Hakukimbia. Alikanyaga zulia kwa miguu yake yenye majivu, akafika kwenye kiti, akakaa, akaegemea.

“Inatosha,” alisema.

Virungu vikasimama hewani.

*

Nataka mwelewe kwamba mgambo hawakukosea. Waliambiwa watazame kiti, wakatazama kiti. Kamanda Chogo alipiga saluti. Wanawake walimburuta Kibwana mpaka kwenye zulia, wakamlaza miguuni pa mkewe na kummwagia maji kichwani, na kile kifua kikaendelea kupiga mluzi, mara kinapiga, mara kinanyamaza.

Mheshimiwa Mlowoka alikuja mbio, suti inampepea. Alimwambia Mashavu aondoke pale haraka, kwamba anakiaibisha kijiji, kwamba mgeni yuko kona ya mwisho. Alipoona hasikilizwi akamshika mkono kumvuta. Kamanda Chogo akakohoa. Kumgusa mgeni rasmi ni kosa, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeipitisha sheria hiyo.

Mashavu alikuwa anamtazama mumewe. Bila kuinua macho akasema, “Kamanda, yule wa kwanza sikumwona vizuri. Nionyeshe kwa mwingine.”

“Kwa nani, mheshimiwa?” Kamanda akauliza.

“Huyu aliyenishika mkono.”

Mwenyekiti alicheka kwanza. Alikuwa bado anacheka kirungu kilipomwondolea meno ya mbele. Kisha akaanguka kifudifudi kwenye vumbi, miwani ikamvunjikia usoni, na mgambo wakaanza upya, safari hii kwa raha zaidi, maana ni mtu aliyenona, hatoi ule mlio mkavu wa mifupa. Walimvunja kidole kimoja kimoja cha mkono ulioshika. Wakamvua kiatu kimoja wakampiga nacho. Alipiga kelele kwamba yeye ni Mwenyekiti wao, kwamba yeye ndiye aliyewanunulia sare.

“Wa mwaka jana alisema yeye ni katekista,” Kamanda Chogo alimwambia, akawaonyesha vijana wake mahali ambapo bado hapajafikiwa.

Mara hii watu tulimtazama Mashavu. Neno lilikuwa lake. Aliinama akamweka mumewe kichwa vizuri, akafungua ile chupa ya maji ya mgeni rasmi, akamnywesha. Alimngojea apumue. Kuna wanaosema kwamba midomo yake ilifunguka, kwamba alikuwa anataka kulisema. Wengine wanaapa kwamba hakuwa na habari na yanayoendelea nyuma ya mgongo wake. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na sijui.

Ndipo honi ikapigwa, na gari la mgeni rasmi likaingia uwanjani.

*

Alikuwa Naibu Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Bulugu, mtu mrefu mwenye kitambi cha heshima. Mashavu aliinuka kwa adabu, akapangusa kiti kwa pindo la khanga, akampisha, akamvuta mumewe pembeni karibu na Bi Kudra. Dakta Bulugu akakaa, na mamlaka yakahamia kwake.

Alipotazama uwanjani alifurahi mno. Alisema amezunguka vijiji vingi na kote ameona wezi wa kulazimishwa, wasiojua kulia, lakini huyu mzee anaigiza vizuri kupita wote. Alipomsikia anasema ni Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akafuta machozi. Akaomba radhi kwa kuchelewa, na kwa kuwa alikuwa amekosa mwanzo, akaagiza warudie kuanzia mwanzo.

Mgambo wakarudia kuanzia mwanzo.

Bi Kudra Semboja alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa mgeni. Angeweza kumwambia. Nilimwona akifungua mdomo na kuufumba, akafungua tena. Lakini kwa itifaki yetu hakuna anayeruhusiwa kuzungumza na mgeni rasmi kabla ya utambulisho, na anayefanya utambulisho ni Mwenyekiti. Bi Kudra alimtazama Mwenyekiti, kana kwamba angeinuka pale vumbini autoe. Mheshimiwa Mlowoka alijaribu hata kutambaa kuelekea jukwaani. Alifika mahali fulani, akapigwa kisogoni, akalala.

Dakta Bulugu alipiga picha naye akiwa pale chini, mguu mmoja mbele, akitabasamu. Chai ilipoletwa ndipo akakumbuka, akasema “Inatosha,” akaomba sukari. Daktari wa zahanati alisogea akamshika Mwenyekiti mkono, akauweka chini polepole, akarudi mahali pake.

Kombe la Utulivu likatolewa palepale. Mgeni rasmi alisimama nalo mikononi, akamwita Mwenyekiti wa kijiji aje kulipokea. Uwanja mzima ukatazama chini. Katika nchi yetu nafasi haiwezi kuwa wazi mbele ya mgeni, ni aibu kubwa, na Bi Kudra ambaye alikuwa amekosa la kusema tangu mgeni afike sasa alipata la kutenda. Alimsukuma aliyekuwa karibu naye. Mashavu akajikuta mbele, kombe mikononi, damu ya mumewe kwenye khanga, na Naibu Waziri akimpongeza kwa uongozi thabiti. Kisheria anayepokea kombe ndiye Mwenyekiti.

Jioni nilitangaza kwamba Mheshimiwa Mlowoka ameanguka bafuni. Bafu za kijiji chetu zina utelezi kweli.

*

Kibwana hakufa. Alilala zahanati, akarudi nyumbani na mkono kwenye bandeji na mbavu zilizofungwa, na mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Watu waliokwenda kumjulia hali walisema Mashavu alikuwa anacheka, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Aliwaambia kwamba sasa amepata nafasi ya kufanya jambo moja tu, akilifanya atarudi kwenye masufuria yake.

Aliitisha mkutano mkuu wa kijiji. Watu walijaa, wa migomba na wa kuta ndefu. Hakusoma risala. Alisimama akasema kwamba kuanzia leo zamu ya mwizi imefutwa, hakuna atakayepigwa tena Shwari Juu, na kama wizara inataka kombe lake ije ilichukue. Kisha akaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi. Hayakuja.

Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye zamu ilimwachia jicho moja, ndiye aliyesimama kwanza. Aliuliza hilo jingine atalidai kwa nani. Akafuata muuza mkaa aliyepigwa kwenye mazoezi, akasema mguu wake ulivunjwa akanyamaza kwa ajili ya kijiji, na jirani yake wa nyumba inayofuata alikuwa mstari wa mbele akishangilia, basi huyo jirani aachwe hivihivi? Mjane wa katekista hakusimama, alisema akiwa amekaa na sauti yake ilikuwa ndogo. Aliuliza kama mumewe alikufa bure.

Bi Kudra akapendekeza kura. Waliotaka zamu ifutwe walikuwa wachache, wa mageti mapya ya mwisho wa barabara, ambako zamu ilikuwa haijafika. Nyumba yangu nayo ilikuwa haijafikiwa, kwa hiyo niliunyoosha mkono mpaka usawa wa sikio, kama mtu anayejikuna. Kisha wakaitwa wanaotaka zamu iendelee. Mikono ikainuka safu kwa safu, mingine imepinda, mingine haina vidole vyote.

Mashavu aliitazama safu moja moja mpaka macho yake yalipofika safu ya mbele. Pale, kwenye kiti alichowekewa mto ili mbavu zisimuume, Kibwana alikuwa ameunyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye bandeji.

“Baba Riziki,” alimwambia taratibu, “shusha mkono.”

Kibwana alitafuta pumzi kwanza. “Mimi nimepigwa, Mama Riziki,” akasema. “Na wao wapigwe.”

Mkono ukabaki juu. Mashavu alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlisha uji asubuhi ileile. Akakaa chini kwenye kiti cha Mwenyekiti, polepole, akishikilia meza.

“Ningejua ningebaki jikoni kwangu,” alisema, kwa sauti ambayo ni sisi wa mbele tu tulioisikia. Kisha akaniambia nitangaze matokeo, nikawasha kipaza sauti nikayatangaza.